Thomas Harriot, mtu aliyetuachia alama ya kulinganisha

Kwenye kila kibodi ya kompyuta, au ordinateri kama tulivyozoea kusema hapa kwetu, kuna alama mbili ndogo zinazofanana na mdomo wa ndege uliofunguka: < na >. Mtoto huzijua tangu shule ya msingi. Upande uliofunguka hutazama kilicho kikubwa, na ncha hutazama kilicho kidogo. Zilichapwa kitabuni kwa mara ya kwanza mwaka 1631, katika kitabu cha Mwingereza mmoja aliyekuwa amefariki miaka 10 kabla, Thomas Harriot.

Wanahesabu wanamheshimu, na wanaochunguza nyota pia. Lakini sisi wa lugha tuna fungu letu kwake. Kabla jina lake halijaambatana na alama hizo, Harriot alikuwa ameketi na watu wawili ambao lugha yao haikuwa imeandikwa, akajifunza kwao, na akabuni herufi za kuiandikia. Makala haya yanasimulia maisha yake, kisha yanazifuata alama zake hadi zilipofika leo: ndani ya maktaba sanifu ya lugha ya programu iitwayo C++, ambako tendo la kulinganisha limefanywa kitu chenye jina lake. Tutaona njiani kwamba swali moja lilimwandama tangu ujana wake hadi baada ya kifo chake: tunapopanga vitu au watu, kipimo kiko mikononi mwa nani?

Oxford na nyumba ya Raleigh

Harriot alizaliwa karibu na mwaka 1560 katika eneo la Oxford. Daftari la chuo kikuu linamtaja baba yake kuwa mtu wa kawaida asiye na cheo, na hayo ndiyo karibu yote tunayoyajua kuhusu ukoo wake. Mwaka 1577 aliandikishwa St Mary Hall, na mwaka 1580 akapata shahada yake. Kwa kijana asiye na mali wala ukoo mkubwa, elimu peke yake haikutosha. Ilibidi apate bwana wa kumtunza. Alimpata Walter Raleigh, mtu aliyependwa sana na Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwenye tamaa ya kuipatia Uingereza makoloni ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Kazi ya kwanza ya Harriot ilikuwa kuwafundisha manahodha wa Raleigh namna ya kujua mahali walipo baharini kwa kupima jua na nyota. Wakati ule nahodha aliyekosea hesabu kidogo aliweza kuwapoteza mabaharia wake wote. Harriot alizirekebisha jedwali zao na vipimo vyao, na tangu hapo hakuacha tena tabia ya kutaka tarakimu sahihi.

Mwaka 1584 merikebu mbili za Raleigh zilirudi kutoka pwani ambayo leo ni North Carolina, Marekani, zikiwa na wageni wawili. Mmoja aliitwa Manteo, wa watu wa Croatoan. Wa pili Wanchese, wa watu wa Roanoke. Walikaa Durham House, jumba la Raleigh kando ya mto Thames, London. Harriot alipewa kazi ya kukaa nao, kuwafundisha Kiingereza na kujifunza lugha yao, mojawapo ya lugha za jamii ya Kialgonkini.

Yeyote kati yetu aliyewahi kwenda kijijini na kinasa sauti ili kukusanya maneno anajua kilichomkuta Harriot. Herufi za Kilatini hazikutosha. Sauti moja iliandikika kwa njia tatu, na sauti mbili tofauti ziliingia katika herufi moja. Kiingereza chenyewe hakikumsaidia, maana tahajia yake haifuati matamshi. Basi akaziweka kando herufi alizozizoea, akatunga alfabeti mpya yenye herufi 36, kila herufi na sauti yake, akikusudia iweze kuandika usemi wa mwanadamu katika lugha yoyote. Hilo lilikuwa karne tatu kabla ya alfabeti ya kimataifa ya fonetiki tunayofundishwa katika mwaka wa kwanza. Karatasi ya herufi zile imesalia. Orodha ya maneno aliyoyaandika kwa herufi hizo haikutufikia.

Historia imemwita Harriot mwanaisimu wa kwanza wa lugha ile. Tukumbuke lakini kwamba katika chumba kile walikuwa watu watatu. Manteo na Wanchese ndio waliotamka, waliorudia, waliosahihisha. Bila masikio na subira yao, herufi 36 zisingekuwa na sauti za kuandika.

Mwaka mmoja Roanoke

Mwezi wa Aprili 1585 Harriot alipanda merikebu kwenda Roanoke pamoja na Manteo, Wanchese na mchoraji John White. Zaidi ya Waingereza 100 walibaki kisiwani chini ya Ralph Lane. White alichora watu, samaki, mimea na vijiji. Harriot aliandika majina na matumizi yake. Kwa kuwa alijua lugha, aliweza kuuliza. Aliandika kwamba mahindi huko yanaitwa « pagatowr », na tumbaku « uppowoc ». Mahindi hayo ni ndugu ya yale tunayoyapikia bukari hapa Katanga, kwa maana zao hilo lilitujia kutoka Amerika.

Lakini mwaka ule haukuwa wa elimu tu. Waingereza walitegemea chakula cha wenyeji, na wenyeji walichoka kuwalisha. Katika vijiji walivyopita, watu walianza kufa kwa wingi kwa magonjwa ambayo hawakuyajua, na Harriot aliona na kuandika jinsi wenyeji walivyojiuliza kama wageni hawa wana silaha isiyoonekana. Mwanzoni mwa Juni 1586 watu wa Lane walimwua mfalme Wingina. Siku chache baadaye Francis Drake alifika na merikebu zake, na Waingereza wakaondoka kwa haraka katikati ya dhoruba. Mabaharia walipoona mashua zimelemewa, walitupa majini mizigo mingi, na karatasi na michoro ya mwaka mzima ikazama pamoja nayo.

Mwaka 1588 Harriot alichapisha taarifa fupi juu ya nchi ile iliyopewa jina la Virginia. Mwaka 1590 Theodor de Bry aliitoa tena huko Frankfurt kwa lugha nne, Kilatini, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, pamoja na michoro iliyotokana na kazi ya White. Ndicho kitabu pekee alichokitoa katika uhai wake.

Taarifa hiyo imejaa ulinganisho. Harriot aliwapima wenyeji kwa vitu vya Waingereza: vyombo vya chuma, bunduki, vitabu, saa, akaona kwamba wamepungukiwa. Hata hivyo alikiri kuwa wana akili kali na kwamba katika kazi wanazozifanya wao wanaonyesha ustadi. Alikiri pia kwamba baadhi ya wenzake walikuwa wakali kupita kiasi na waliua watu kwa makosa ambayo yangeweza kuvumiliwa. Kijana huyu alikuwa amejifunza lugha yao, lakini kipimo kilibaki kile alichokileta kutoka London. Tulio wasomi wa Kongo tunazijua taarifa za namna hiyo. Babu zetu nao walipimwa kwa mizani isiyokuwa yao.

Manteo aliendelea kushirikiana na Waingereza na akabatizwa mwezi wa Agosti 1587. Wanchese aliachana nao akarudi kwa watu wake. Walioketi chumba kimoja London, wakasikia maneno yaleyale, walilinganisha wageni na nchi yao, na kila mmoja akapata jibu lake. Lugha waliyomfundisha Harriot haisemwi tena. Yaliyobaki ni maneno machache katika taarifa yake na katika maelezo ya michoro ya White.

Mwanachuoni asiyechapa

Katika miaka ya 1590 Harriot alihamia chini ya ulinzi wa Henry Percy, Earl wa Northumberland, aliyempa pensheni na nyumba huko Syon, magharibi ya London. Ingeweza kuwa maisha ya raha, lakini mabwana zake wote wawili waliishia gerezani. Raleigh alifungwa mwaka 1603 kwa shtaka la uhaini. Mwaka 1605 iligunduliwa njama ya kulipua Bunge kwa baruti. Jamaa mmoja wa Percy alikuwa ndani yake, na Percy akatiwa katika Mnara wa London alikokaa miaka 16. Harriot mwenyewe alikamatwa na kufungwa kwa muda mfupi. Aliachiwa, ila alikuwa ameonja jinsi ilivyo rahisi kwa mtu wa vitabu kugeuzwa adui wa serikali.

Pengine ndiyo sababu mojawapo ya ukimya wake. Alifanya kazi usiku na mchana, na karibu hakuchapa chochote. Mwanzoni mwa karne ya 17 aligundua kanuni inayotawala kupinda kwa mwanga unapopita kutoka hewani kuingia majini au katika kioo, karibu miaka 20 kabla ya Mholanzi Snell ambaye vitabu vya shule vinampa kanuni hiyo. Mnajimu mkubwa Johannes Kepler alimwandikia barua kumwuliza habari za mwanga. Harriot alimpelekea jedwali za vipimo lakini kanuni yenyewe akakaa nayo. Tarehe 26 Julai 1609, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, aliutazama mwezi kwa darubini na kuuchora, miezi kadhaa kabla ya Galileo. Katika karatasi zake zimo pia hesabu zilizoandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, ambazo leo ndizo chakula cha kompyuta. Zilikaa humo muda mrefu kabla Leibniz hajazitangaza.

Kutoka sentensi hadi alama

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa aljebra. Ili tuielewe, tukumbuke kwamba hesabu za zamani ziliandikwa kwa maneno. Mwanahesabu alisema kwa sentensi ndefu kwamba kitu fulani kikizidishwa kwa chenyewe na kuongezwa mara tatu yake kitakuwa sawa na kadha wa kadha. Alama ya sawasawa, =, ililetwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557 tu. Harriot aliendelea na njia hiyo kwa ukali zaidi. Aliandika isiyojulikana kwa herufi ndogo, a. Ikizidishwa kwa yenyewe, aa. Ikizidishwa tena, aaa. Msomaji aliyeufungua ukurasa aliona hesabu nzima kwa macho bila kulazimika kuitafsiri kutoka Kilatini. Mtu aliyekuwa ametunga herufi moja kwa kila sauti alikuwa sasa anatafuta alama moja kwa kila wazo.

Hapo ndipo zinapoingia alama zetu mbili. Kila lugha ina njia yake ya kulinganisha. Kiswahili cha vitabuni husema mlima huu ni mrefu kuliko ule. Na tukilichambua neno « kuliko » tunakuta ndani yake kitenzi cha kuwa na kiambishi cha mahali, kana kwamba urefu wa mlima mmoja unatazamwa kutoka pale ulipo mwingine. Kiswahili chetu cha Lubumbashi husema ni mrefu kupita ule, na hapo kuna mwendo: mmoja anamtangulia mwenzake njiani. Kilatini kina mwisho wa neno, Kiingereza kina mwisho wa neno na maneno ya kusaidia, Kifaransa kina maneno mawili yanayokikumbatia kivumishi. Wazo ni moja, mavazi ni mengi. Alama < iliyavua mavazi yote hayo. Msomaji wa Kiswahili husoma 3 < 5 kwa Kiswahili chake, wa Kireno kwa Kireno chake, na wote wanakubaliana.

Harriot hakuziona zikichapwa. Uvimbe wa saratani ulianza puani mwake, na tangu mwaka 1615 alikuwa akitafuta msaada wa waganga. Mwezi wa Oktoba 1618 Raleigh alikatwa kichwa. Harriot mwenyewe alifariki London tarehe 2 Julai 1621. Katikati ya mwezi huohuo, baada ya miaka 16 Mnarani, Percy akaachiwa huru.

Katika wasia wake alimkabidhi rafiki yake Nathaniel Torporley kazi ya kuzipanga karatasi na kuzitoa. Kazi ilikawia na ikahamia kwa wengine. Kitabu kilichotoka mwaka 1631, kwa jina la Kilatini Artis Analyticae Praxis, kilihaririwa na Walter Warner. Wahariri walipunguza, walihamisha, na baadhi ya mawazo mazuri kabisa ya marehemu waliyaacha nje. Hata alama za kulinganisha zilizochapwa hazifanani sawasawa na zile zilizomo katika hati zake. Umbo safi tunalolijua limetokana na kazi ya wahariri na wachapaji. Mwaka huohuo William Oughtred alitoa alama zake tofauti kwa mawazo yaleyale, na ushindani ukaendelea miaka mingi. Zile za kitabu cha Harriot zilishinda polepole. Mwaka 1734 Mfaransa Pierre Bouguer alizipigia mistari chini yake ili kupata kisichozidi na kisichopungua.

Karatasi zenyewe zilisahauliwa. Mwaka 1784 Franz Xaver von Zach alizikuta katika jumba la Petworth, la warithi wa Percy. Ni maelfu ya kurasa, nyingi zisizo na tarehe wala mpangilio, na wataalamu bado wanazisoma.

Kitenzi kinapogeuka kuwa nomino

Alama < na > zilipofika katika kompyuta hazikupokewa mara moja. Lugha ya FORTRAN ya mwaka 1957 haikuwa nazo. Aliyetaka kulinganisha namba mbili alitoa moja kwa nyingine, kisha programu ikachagua njia kati ya tatu kufuatana na jibu: chini ya sifuri, sifuri, au juu ya sifuri. Baadaye FORTRAN ilipata vifupisho vya herufi vilivyofungwa kati ya nukta mbili. Mwaka 1963 jedwali la ASCII lilizipa alama hizo makao ya kudumu: < ina namba 60, > ina namba 62, na katikati, namba 61, ipo = ya Recorde. Watu wawili wa karne ya 16 wamekaa benchi moja.

Hatua inayotuhusu zaidi ilikuja mwaka 1994, wakati kamati ya lugha ya C++ ilipoikubali maktaba iliyotungwa na Alexander Stepanov na Meng Lee. Ikaingia katika kiwango rasmi cha lugha hiyo mwaka 1998. Ndani yake mna vilinganishi. Kimojawapo huitwa std::less, na kazi yake ni kujibu swali moja: je, cha kwanza ni pungufu kuliko cha pili? Jibu ni ndiyo au hapana. Mwenzake, std::greater, huuliza kinyume chake.

Mtu atasema: alama < ilikuwa inajibu swali hilohilo, kulikuwa na haja gani ya kilinganishi? Jibu liko katika sarufi. Alama < ni kama kitenzi ndani ya sentensi. Inafanya kazi pale ilipoandikwa, kati ya vitu viwili, na haiwezi kutoka hapo. Kilinganishi ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa nomino. Sisi huongoza, tukapata kiongozi. Hunyoa, tukapata kinyozi. Hulinganisha, tukapata kilinganishi. Nomino inaweza kupewa mtu, kubebwa, kuwekwa ghalani na kubadilishwa na nyingine. Vivyo hivyo programu ya kupanga orodha hupewa kilinganishi mkononi. Ukiipa std::less, inapanga kutoka kidogo kwenda kikubwa. Ukiipa std::greater, inapanga kutoka kikubwa kwenda kidogo. Ukiandika kilinganishi chako mwenyewe, kwa mfano kinachotazama urefu wa maneno, inapanga kwa urefu. Mpangaji ni yuleyule, jasho lake ni lilelile. Kilichobadilika ni kipimo.

Kila kilinganishi lakini kina sharti. Tuchukue orodha ya wanafunzi baada ya deliberasyo, wawili kati yao wana 14 kwa 20. Mpangaji anauliza: je, wa kwanza anamtangulia wa pili? Hapana. Je, wa pili anamtangulia wa kwanza? Hapana. Kutoka hapana hizo mbili anaelewa kwamba wako safu moja. Sasa mtu akimpa kilinganishi kinachosema ndiyo hata pale namba zinapokuwa sawa, mpangaji atasikia kwamba kila mmoja anamtangulia mwenzake. Hakuna orodha duniani inayoweza kutii maneno hayo. Programu inaweza kuharibu orodha au kuanguka kabisa, na lugha ya C++ haitoi dhamana yoyote. Mlinganishaji anayemtangaza mtu kuwa mdogo kuliko yeye mwenyewe amevunja kazi yake.

Kipimo cha nani?

Hapo tunafika kwenye jambo linalogusa kazi zetu za kila mwaka. Ukiipa std::less maneno badala ya namba, hutazama namba za herufi katika jedwali. Herufi kubwa zote zimetangulia herufi ndogo, kwa hiyo Zongo itakuja kabla ya asali. Hilo ni dogo, hurekebishwa haraka. Kubwa ni hili: jedwali lilianzishwa kwa Kiingereza, na herufi za wengine zikapata nafasi baadaye. Tuchukue Kilingala kinachoandikwa kwa herufi ɔ na ɛ. Herufi ya z ina namba 122. Herufi ya ɔ ina 596, na ɛ ina 603. Kwa std::less, neno « mbɔngɔ » (fedha) litawekwa baada ya « mbula » (mvua, mwaka), na baada ya kila neno lingine linaloanza kwa mb likifuatwa na herufi ya kawaida. Msomaji anayelitafuta karibu na o hataliona. Alama za toni katika Kiluba au Ciluba huleta tabu ya namna hiyohiyo: irabu iliyobeba toni inakimbilia mwisho wa orodha, mbali na ndugu yake isiyo na toni.

Kompyuta haijakosea hesabu. Imelinganisha namba kama ilivyoambiwa. Kosa ni kuichukua namba ya jedwali kama mpangilio wa asili wa lugha. Maktaba ileile inaruhusu mtu aandike kilinganishi kingine: kinachoiweka ɔ mara baada ya o, na ɛ mara baada ya e, kinachotazama toni mwisho, pale tu herufi zote zinapofanana, kinachoamua kama ng' ni herufi moja au tatu. Maamuzi hayo mwandishi wa programu hawezi kuyafanya peke yake. Ni maamuzi ya sarufi na ya kamusi, yaani ni kazi yetu. Faharasa nyingi za kazi za mwisho wa masomo hupangwa kwa kubofya kitufe, na ambaye hakuchagua kilinganishi amechaguliwa.

Tukirudi kwa Harriot, naye tunaweza kumpanga kwa vilinganishi mbalimbali. Kwa tarehe ya kuchapa, yuko nyuma ya Snell, nyuma ya Galileo, nyuma ya Leibniz. Kwa tarehe iliyo katika karatasi zake, anawatangulia wote watatu. Vitabu vya shule vimetumia kipimo cha kwanza, na kipimo hicho kina haki yake, kwa sababu elimu iliyofungiwa sandukuni haimfundishi mtu. Kwa kipimo cha tatu, cha kuuliza ni nani aliyemfundisha nani, orodha inaanza na Manteo na Wanchese, na jina la Harriot linafuata.

Kwa hiyo anayeandaa kamusi au faharasa ya lugha yake na akae kwanza na wasemaji wake, awaulize neno gani linatangulia lipi machoni mwao, aandike kanuni hiyo kwa maneno ya wazi, na ndipo ampelekee mwandishi wa programu. Kisha achape kazi yake angali hai.